Bosi wa benki anapimwaje? Majibu yako kwenye ukurasa mmoja wa gazeti

Mara nne kwa mwaka magazeti ya Dar es Salaam hujaa kurasa za tarakimu ndogo ndogo. Ni hesabu za mabenki. Wasomaji wengi huziruka haraka kwenda kwenye michezo, na siku mbili baadaye ukurasa uleule unaonekana Kariakoo, umefungia karanga.

Lakini ukurasa huo ndio ripoti ya shule ya mtu anayekaa ofisi ya juu kabisa kwenye maghorofa ya Posta na Upanga. Maksi zake zote ziko pale. Na anayepaswa kuzisoma kwa makini kuliko wote si mchambuzi wa uchumi, bali ni mama mwenye fremu Mtaa wa Congo ambaye mtaji wa miaka 10 umelala kwenye akaunti moja.

Kwa nini yeye? Kwa sababu benki ikifungwa, sheria inamlinda kwa kiasi tu. Hilo tutalifikia.

Faida inapiga kelele, ila haisemi yote

Tanzania haina zile benki kubwa za uwekezaji kama za New York, zinazoishi kwa kuuza hisa na kununua kampuni. Serikali ilianzisha benki yenye jina hilo, TIB, mwaka 1970, ikakopesha miradi mikubwa ya maendeleo. Lakini mabenki makubwa ya leo, NMB na CRDB, ni ya biashara: yanakusanya amana za watu na kuzikopesha. Hata hivyo swali la bosi ni lile lile. Je, huyu mtu anaiendesha vizuri au anabebwa na bahati?

Wengi wanaanza na faida, na kweli faida za miaka hii zinavutia macho. NMB ilipata takribani Sh98 bilioni baada ya kodi mwaka 2018. Mwaka 2020 ikawa Sh206 bilioni, mwaka 2022 Sh429 bilioni, na mwaka 2024 ikavuka Sh640 bilioni. CRDB ilikuwa na takribani Sh36 bilioni tu mwaka 2017. Mwaka 2020 ilifika Sh165 bilioni, na mwaka 2024 takribani Sh550 bilioni.

Majina yanayotajwa hapo ni mawili. Abdulmajid Nsekela alichukua usukani wa CRDB Oktoba 2018 akitokea NMB, upande wa wapinzani kabisa. Ruth Zaipuna alithibitishwa kuiongoza NMB mwaka 2020, baada ya kuwa ofisa mkuu wa fedha wa benki hiyo hiyo. Ukitazama namba tu, wote wawili wana A.

Sasa chukua mfano wa mbali kidogo. Benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ya Marekani ilipata faida ya rekodi mwaka 2007, zaidi ya dola bilioni 4. Bosi wake, Richard Fuld, alionekana bingwa. Septemba 15, 2008 benki hiyo iliyodumu zaidi ya miaka 150 iliomba ulinzi wa mufilisi. Haikufika hata mwaka.

Faida ya mwaka huu ni habari ya mikopo iliyotolewa jana. Ubovu wa mikopo ya leo utaonekana kesho kutwa. Bosi anayetaka sifa za haraka anaweza kukopesha ovyo, akavuna riba miaka miwili, akaaga kwa sherehe na keki, kisha mrithi wake akabaki anafukuzana na wadaiwa mahakamani.

Mkopo mmoja ukifa, kumi wanaubeba

Ndiyo maana mstari wa pili wa kuangalia, na wengine wangesema wa kwanza, ni ule wa mikopo chechefu. Huu ni mkopo ambao mdaiwa amepitisha siku 90 bila kulipa, au dalili zinaonyesha hatalipa.

Tupige hesabu ya mfano. Benki inamkopesha mfanyabiashara Sh10 milioni kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Ikilipwa vizuri, benki inapata riba ya Sh1.5 milioni. Lakini ile Sh10 milioni si ya benki, ni amana za watu. Tuseme wenye amana wanalipwa asilimia 4, yaani Sh400,000. Benki inabaki na Sh1.1 milioni.

Mdaiwa akitoroka na ile Sh10 milioni, inahitaji wadaiwa wengine kumi wa aina yake, wote walipe mpaka senti ya mwisho, ndipo pengo lizibike. Na hapo mlinzi wa getini hajalipwa, umeme haujalipwa, wala keshia hajapata mshahara.

Ndiyo sababu asilimia chache tu za mikopo chechefu zinaweza kumnyima bosi usingizi. Mwaka 2017 wastani wa sekta nzima ya benki nchini ulipita asilimia 10. Benki Kuu ya Tanzania, BoT, ikasisitiza kiwango kisizidi asilimia 5. Ilichukua miaka. Kufikia mwisho wa 2023 wastani ulishuka chini ya asilimia 5, na NMB ilikuwa juu kidogo tu ya asilimia 3.

Kuna ujanja mmoja wa kuangalia hapo. Benki inaweza kuwa na mikopo chechefu michache kwa sababu inachagua wadaiwa vizuri na kuwafuatilia. Au inaweza kuwa nayo michache kwa sababu haikopeshi watu wa hatari kabisa, na "watu wa hatari" kwa lugha ya benki mara nyingi ni wafanyabiashara wadogo. Mikopo ya watu binafsi, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya waajiriwa wanaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, inachukua zaidi ya theluthi ya mikopo yote kwa sekta binafsi. Mwalimu hawezi kukimbia na mshahara wake. Mwenye fremu ya kupanga, ambaye dhamana yake ni marobota ya vitenge yanayouzwa na kuisha wiki hii, ni habari nyingine.

Kwa hiyo asilimia ndogo inastahili pongezi, ila inafaa kuulizwa pia: mmewakopesha kina nani?

Benki moja, vipande vitatu

Historia ya mjini hapa ina somo zuri kuhusu uongozi mbovu na mzuri, na mengi yake yalitokea ndani ya kampuni moja.

Siku moja baada ya Azimio la Arusha, yaani Februari 6, 1967, serikali ilitaifisha mabenki. Yakaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Kwa miongo zaidi ya miwili ndiyo ilikuwa benki, basi. Ilikopesha mashirika ya umma kwa maagizo, hata yale ambayo kila mtu alijua hayatalipa. Meneja alipimwa kwa kutii mpango, hakupimwa kwa mikopo kurudi.

Matokeo yake ni mlima wa madeni mabovu. Tume iliyoongozwa na gavana wa zamani wa BoT, Charles Nyirabu, ilichunguza mfumo mzima, na mwaka 1991 ikapitishwa sheria iliyofungua mlango kwa benki binafsi. Mwaka huo huo ukaundwa mfuko maalumu, LART, kuchukua mikopo iliyokufa na kujaribu kuikusanya.

Mwaka 1997 NBC ikagawanywa. Kipande kimoja kikabaki na jina, NBC, na mwaka 2000 hisa asilimia 55 zikauzwa kwa Absa ya Afrika Kusini. Kingine kikawa kampuni ya kushikilia mali zilizobaki. Cha tatu kilikuwa NMB: matawi mengi ya wilayani, majengo yaliyochoka, wateja wa akiba ndogo, na mwanzoni hata ruhusa ya kukopesha haikuwa nayo. Watu wa mjini waliona kama makapi.

Hapo ndipo mambo yanapovutia. Mwaka 1999 serikali, kwa msaada wa wafadhili, iliipa kampuni ya Marekani ya DAI mkataba wa kuiendesha NMB. Mmiliki hakubadilika. Matawi yalikuwa yale yale na wateja wale wale. Kilichobadilika ni menejimenti. Wakaanza mikopo midogo midogo, kiasi kidogo kwanza, ukilipa vizuri unapandishwa. Meneja wa tawi akaanza kujibu maswali kuhusu tawi lake: linaingiza nini, linatumia nini, nani hajalipa. Ndani ya miaka michache yale "makapi" yakaanza kutoa faida.

Mwaka 2005 kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi likanunua asilimia 49. Mwaka 2008 hisa zikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE. Kipande ambacho wengi hawakukitaka mwaka 1997 leo kinashindania namba moja nchini. Ukitafuta ushahidi kwamba uongozi una uzito wake, huu hapa.

Ni bosi au ni msimu?

Lakini tusimpe bosi kila kitu. Mvua ikinyesha vizuri, kila mkulima anaonekana hodari.

Mtazame Charles Kimei. Aliichukua CRDB mwaka 1998, miaka miwili baada ya kubinafsishwa, akiwa ametoka BoT. CRDB yenyewe ilikuwa na mizizi kwenye benki ya maendeleo vijijini ya mwaka 1971, na nayo iliwahi kuzama kwenye mikopo mibovu. Akaijenga miaka 20. Akaiingiza DSE mwaka 2009, akaivusha mpaka Burundi mwaka 2012. Kwa wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wa kizazi hicho, akaunti ya kwanza ya benki ilikuwa ya CRDB.

Kisha angalia mwisho wake. Faida iliyokuwa takribani Sh129 bilioni mwaka 2015 ilishuka hadi takribani Sh36 bilioni mwaka 2017. Kimei alistaafu 2018. Je, alisahau kazi ghafla?

Hapana. Miaka hiyo serikali ilihamisha fedha za taasisi zake kutoka benki za biashara kwenda BoT. Pesa mtaani zikakauka, wafanyabiashara wakashindwa kulipa, na mabenki yakalazimika kutenga fedha nyingi kufidia mikopo iliyolegea. NMB nayo, ikiwa na bosi tofauti kabisa, ilianguka kutoka takribani Sh150 bilioni mwaka 2016 hadi chini ya Sh100 bilioni mwaka 2017. Wawili wakilowa siku moja, ujue ni mvua.

Hata hivyo CRDB ililowa zaidi. Tofauti ile kati ya benki na jirani yake katika msimu uleule ndiyo sehemu ya haki ya kumpa au kumlaumu bosi. Vivyo hivyo kwa mavuno ya sasa: Nsekela na Zaipuna wamefanya kazi kubwa, ila wamefanya hivyo katika miaka ambayo sekta nzima ilikuwa inapona. Kipimo chao halisi kitakuja msimu ukigeuka.

Shilingi 100 inaliwa vipi

Mstari wa tatu ni gharama. Katika kila Sh100 ya mapato, ngapi zinaliwa na mishahara, pango, ulinzi, magari na mitambo? Hii inaitwa uwiano wa gharama kwa mapato. BoT inataka usizidi asilimia 55, na mwaka 2021 iliufanya uwiano huo, pamoja na ule wa mikopo chechefu wa asilimia 5, kuwa sharti kwa benki inayotaka kugawa gawio. NMB ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 40 kufikia mwaka 2023.

Imeshukaje? Jibu liko barabarani. Pita Msimbazi, pita Mkunguni au Narung'ombe, kila hatua chache kuna meza au kibanda cha wakala. Yule kijana mwenye mashine na daftari anafanya kazi iliyokuwa ya keshia, ila hana mshahara wa benki wala kiti cha kuzunguka. Floti ni yake, hatari ya kuporwa ni yake, analipwa kamisheni. BoT iliweka miongozo ya mawakala mwaka 2013 na leo ni maelfu kwa maelfu. Ongeza simu: SimBanking ya CRDB, Mshiko Fasta ya NMB inayokopesha bila dhamana kwa kubonyeza tu. Foleni imehamia kwenye kiganja.

Kwa bosi hii ni maksi safi. Kwa mteja ni nafuu pia, asilimia kubwa. Lakini gharama nyingine hazikufutwa, zimehamishwa tu. Mtandao ukigoma saa 10 jioni, mzigo upo kwenye gari na dereva anasubiri alipwe, mtu wa kumuuliza haonekani. Anayekalipiwa ni wakala, ambaye naye anasubiri kama wewe.

Kariakoo inauliza jambo jingine

Mwenye fremu hashindwi kuelewa tarakimu. Anapiga hesabu za dola, yuan na ushuru kichwani huku anakata bei na mteja. Swali lake ni jepesi: benki imepata mabilioni, mimi riba yangu imeshuka?

Imeshuka, ila pole pole. Wastani wa riba za mikopo umeendelea kuzunguka asilimia 15 hivi. Januari 2024 BoT ilianza kutumia riba yake yenyewe kama dira ya soko, ikianzia asilimia 5.5. Umbali kati ya namba hizo mbili ndio unaowakera wafanyabiashara. Mabenki yanajibu kwamba amana za muda mrefu ni ghali, hati za viwanja na nyumba zina migogoro, na kesi zinachukua miaka. Kuna ukweli hapo. Kuna ukweli pia kwamba benki inayoweza kununua hati fungani za serikali na kulala usingizi haina haraka ya kuhangaika na muuza viatu.

Anayekosa huko anakwenda kwa kausha damu, mikopo ya kurejesha kila siku, ambayo jina lake linajieleza. Hakuna mstari kwenye ukurasa wa gazeti unaoonyesha watu waliorudishwa dirishani. Pengine ungekuwepo.

Benki ikifa, unapata ngapi?

Sasa ile sehemu ya ulinzi. Januari 4, 2018 BoT ilifunga benki tano kwa siku moja kwa upungufu mkubwa wa mtaji: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Agosti mwaka huo ikachukua usimamizi wa Bank M kwa sababu ya tatizo la ukwasi, na mapema 2019 mali na madeni yake yakahamishiwa Azania. Twiga Bancorp, iliyowekwa chini ya usimamizi Oktoba 2016, iliunganishwa na benki ya TPB, ambayo sasa inaitwa TCB.

Angalia tofauti. Benki ikiunganishwa au kuhamishwa, akaunti yako inahama nayo. Ikifungwa na kufilisiwa, Bodi ya Bima ya Amana inakulipa mpaka kikomo. Mwaka 2018 kikomo hicho kilikuwa Sh1.5 milioni. Mwaka 2023 kilipandishwa hadi Sh7.5 milioni.

Aliye na Sh5 milioni analipwa zote. Aliye na Sh40 milioni za kufuata kontena China analipwa Sh7.5 milioni kwanza. Zile Sh32.5 milioni zinasubiri mali za benki ziuzwe na wadaiwa wakamuliwe, na kama hazitoshi, hazitoshi. Uamuzi mbaya wa mtu ambaye hajawahi kumwona unaweza kufunga fremu yake.

Ndiyo maana bosi hapimwi na mtu mmoja. Bodi ya wakurugenzi inamwajiri na inaweza kumwondoa. BoT inamchunguza kabla hajakaa kitini na inaweza kumkataa. Wanahisa wanamhoji kwenye mkutano mkuu kila mwaka, na mara nyingi swali kuu huko ni moja: gawio. Kwa mwaka 2023 NMB ilitoa gawio la takribani Sh180 bilioni, na serikali yenye hisa karibu asilimia 32 ikapata takribani Sh57 bilioni. Msajili wa Hazina akipokea hundi kubwa ya mfano mbele ya kamera, bosi anatabasamu. Mwenye amana hana kiti kwenye mkutano huo, ingawa pesa zake ndizo nyingi kuliko za wote waliomo ukumbini.

Alichonacho ni ule ukurasa. Ukishika wa benki yako, shuka mpaka chini kabisa, kwenye jedwali la viashiria vya utendaji. Tafuta mikopo chechefu kama asilimia ya mikopo yote, kisha gharama kwa mapato, kisha mtaji ukilinganisha na mali zenye hatari, ambao BoT haitaki upungue asilimia 12 kwa jumla. Linganisha na robo iliyopita, safu iko pembeni yake hapo hapo. Halafu chukua ukurasa wa benki ya jirani, robo ileile, uweke kando yake.

Hesabu za robo hutoka Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Aliyekosa gazeti atazikuta kwenye tovuti ya benki, na zinafunguka kwenye simu.